Pesa au vipaji vya nyumbani: Ni nini hasa huzaa mabingwa wa soka katika mwambao wa ziwa?

MWISHONI mwa mwaka wa 2019, klabu ya SoNy Sugar ya Awendo ilitimuliwa kutoka Ligi Kuu ya Kenya. Haikutimuliwa kwa kufungwa mabao mengi, wala kwa sababu mashabiki wake walizua fujo. Ilikosa kufika uwanjani mara tatu, na kanuni za ligi zilikuwa wazi: anayekosa mechi tatu huondolewa mashindanoni. Wanasukari hao hawakuwa wamegoma kwa kiburi. Hawakuwa na pesa za kusafiria.

Miaka 13 kabla ya hapo, klabu iyo hiyo ndiyo iliyokuwa bingwa wa nchi. Mnamo 2006, timu ya mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya miwa ililitwaa taji kutoka mikononi mwa wanajeshi wa Ulinzi Stars, waliokuwa wamelihifadhi kwa misimu mitatu mfululizo. Tangu ligi hiyo ianzishwe mwaka wa 1963, hakuna klabu nyingine yenye makao yake katika iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini iliyowahi kufika kilele hicho.

Safari ya SoNy kutoka ubingwani hadi kukosa nauli inagusa swali ambalo mashabiki wa soka kutoka Kondele mjini Kisumu hadi Mbita na Homa Bay wamekuwa wakibishania kwa miaka mingi. Je, timu ya mabingwa hujengwa kwa mishahara minono na wachezaji wa kununuliwa, au hujengwa kwa vijana waliozaliwa na kulelewa papo hapo?

Ubishi huu si wa Wakenya pekee. Nchini Marekani, wapenzi wa besiboli hawauchoki. Mnamo 2002, klabu ya Oakland Athletics ilitumia takriban dola milioni 40 kuwalipa wachezaji wake, ilhali New York Yankees walitumia zaidi ya dola milioni 120. Kila moja ilishinda mechi 103 katika msimu wa kawaida. Kisa cha Oakland kikaandikiwa kitabu, kisha kikatengenezewa filamu, na tangu hapo hutajwa kama ushahidi kwamba akili inaweza kushinda pesa. Linalosahaulika ni kuwa hakuna kati ya wawili hao aliyekuwa bingwa mwaka huo. Wote walibanduliwa katika raundi yao ya kwanza ya mchujo na taji likaenda kwa Anaheim Angels.

Jingine linalosahaulika linawahusu Yankees wenyewe, ambao hutajwa kila mahali kama mfano wa matajiri wanaonunua ushindi. Mataji manne waliyoyapata kati ya 1996 na 2000 yalijengwa juu ya vijana waliopikwa na klabu hiyo tangu walipokuwa chipukizi, wakiwemo Derek Jeter na Mariano Rivera. Pesa zilifanya kazi nyingine: ziliwazuia vijana hao wasiende kwingine walipokomaa. Tofauti hiyo, kati ya pesa za kununua na pesa za kuzuia, ndiyo inayoeleza mengi yaliyotokea katika mwambao wa Ziwa Victoria.

Orodha ya waajiri

Anayeipitia orodha ya mabingwa wa soka nchini Kenya anaweza kudhani amepewa orodha ya waajiri. Kenya Breweries, ambayo baadaye ilibadili jina na kuwa Tusker, ni timu ya watengenezaji bia. Utalii, mabingwa wa 1997, ilikuwa timu ya chuo cha mafunzo ya hoteli na utalii. Oserian Fastac, waliotamba 2001 na 2002, walitoka katika shamba la maua huko Naivasha. Ulinzi ni jeshi. Kenya Police, waliotwaa taji lao la kwanza mwaka wa 2025 chini ya mkufunzi Etienne Ndayiragije kutoka Burundi, ni idara ya polisi. Nje ya kundi hilo zimo klabu mbili kubwa za wananchi, Gor Mahia na AFC Leopards, pamoja na vighairi vichache.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kijana wa miaka 20 kutoka mtaa wa Nyalenda anapotafutwa na klabu mbili, haulizi tu atalipwa kiasi gani. Huuliza pia kama mshahara utafika mwisho wa mwezi, na atakula nini magoti yatakapochoka. Klabu ya wananchi haina jibu la swali la pili. Klabu ya mwajiri inalo: kazi. Mwanajeshi aliyestaafu soka hubaki mwanajeshi, na karani wa kiwanda hurudi kwenye dawati lake. Kwa hivyo mwajiri anaweza kumpata mchezaji mzuri kwa mshahara wa wastani, na akakaa naye miaka sita au saba bila kumpandishia bei.

Vighairi vyenyewe vinafundisha zaidi. Katika misimu miwili iliyofuatana, Kenya ilipata mabingwa wawili wasiofanana kwa lolote. Mnamo 2008 taji lilienda kwa Mathare United, timu iliyochipuka kutoka chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa mabanda wa Mathare jijini Nairobi, kilichoanzishwa 1987. Wengi wa wachezaji wake walikuwa wamecheza katika ligi za watoto za chama hicho, ambako timu zilipewa alama hata kwa kuzoa taka mtaani. Mwaka uliofuata, 2009, taji lilienda kwa Sofapaka, klabu ya mfanyabiashara Elly Kalekwa mwenye asili ya Kongo. Sofapaka ilikuwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Ilikusanya wachezaji waliokwisha kukomaa kwingineko na kuwa bingwa katika msimu wake wa kwanza kabisa.

Mtu angeweza kusema matokeo ni sare: moja kwa vipaji vya nyumbani, moja kwa pesa. Lakini yafaa kutazama yaliyofuata. Sofapaka haijalitwaa tena taji hilo. Mathare United nayo haikulirudia, ilishuka daraja na kurejea 2024. Kila mmoja alipanda kwa njia yake na wote wakakwama mahali pamoja, nalo ni suala la kubaki juu.

Sukari ilipokuwa tamu

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mwajiri aliyejulikana zaidi katika nchi tambarare iliyo mashariki ya Kisumu alikuwa kiwanda cha sukari. Miwani kilitangulia katika miaka ya 1920. Muhoroni na Chemelil vilifuata katika miaka ya 1960, na SoNy kikaanza kusaga miwa huko Awendo mwishoni mwa miaka ya 1970. Awendo, katika Kaunti ya Migori, hauko ufukweni hasa, lakini watu wake, wachezaji wake na mashabiki wake ni wa ukanda huo mmoja wa ziwa.

Kiwanda cha namna hiyo kilikuwa mji. Kilikuwa na nyumba za wafanyakazi, zahanati, shule, klabu ya burudani na uwanja wa michezo. Timu ya soka ilikuwa sehemu ya mpango huo, kama vile king'ora cha zamu. Chemelil Sugar ilicheza ligi kuu kwa miaka mingi. Mjini Muhoroni, kampuni ya Agro-Chemical ilikuwa na timu iliyoogopwa, na baadaye Muhoroni Youth nayo ikapanda ligi kuu mnamo 2012. Kisumu kwenyewe, kiwanda cha nguo cha KICOMI kilikuwa na kikosi kilichowatia jasho vigogo wa Nairobi, kabla kiwanda chenyewe hakijaporomoka katika miaka ya 1990 na kuondoka na timu yake.

Ubingwa wa SoNy wa 2006 ulitokana na mfumo huo. Hakukuwa na bilionea, wala hakukuwa na nyota wa kigeni aliyeletwa kwa mbwembwe. Kulikuwa na mshahara uliofika, uwanja wa nyumbani ambao wageni waliufikia wakiwa wamechoka kwa safari ndefu kutoka Nairobi, na wachezaji waliokaa pamoja muda wa kutosha hata wakajuana kama ndugu wa nyumba moja. Ni vigumu kuiita timu hiyo ya pesa, na ni vigumu pia kuiita ya vipaji vitupu. Ilikuwa timu ya mshahara wa wastani usiokatika.

Kisha ukakatika. Viwanda vya sukari vya serikali vilizama katika madeni. Mitambo ilizeeka, sukari ya bei nafuu iliingia kutoka nje, wakulima wakacheleweshewa malipo na wengine wakauza miwa yao kwa wasagaji binafsi. Muhoroni kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2001 na Miwani kikafungwa. Kiwanda kinachodaiwa na wafanyakazi wake na wakulima wake hakiwezi kumtetea mshambulizi mbele ya bodi. Fungu la michezo ndilo la kwanza kuguswa kalamu nyekundu. Katika msimu huo huo wa 2019-20 SoNy ilipotimuliwa, Chemelil Sugar nayo ilitaabika kuzifikia mechi zake na kushuka daraja. Ukanda uliokuwa na klabu kadhaa za viwanda ukabaki mtupu.

K'Ogalo na mifuko ya mashabiki

Hapo shabiki wa Gor Mahia atakatiza mazungumzo na kudai kwamba K'Ogalo haijawahi kuwa na kiwanda, na ndiyo iliyo na mataji mengi kuliko zote. Ana haki. Gor ilizaliwa Februari 1968 kutokana na kuunganishwa kwa timu za jamii ya Waluo, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa kale wa Kanyamwa, na mwaka huo huo ikawa bingwa. Hadi 2024 ilikuwa imetwaa taji la ligi mara 21. Makao yake yamekuwa Nairobi, lakini moyo wake umekuwa Kisumu na vijiji vya ziwani. Wachezaji wake wengi wamekuwa wakitoka huko, na kila inapocheza mjini Kisumu shughuli nyingine husimama.

Kikosi chake cha 1987 bado ndicho kipimo cha soka ya Kenya. Kikiongozwa na nahodha Austin Oduor na mfungaji Peter Dawo, kilitoka sare ya 2-2 na Esperance nchini Tunisia, kisha 1-1 jijini Nairobi, na kulitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa sheria ya bao la ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara zima. Hicho kilikuwa kikosi cha Wakenya. (Msomaji anayefuatilia soka ya Ulaya atapenda kujua kuwa Divock Origi, aliyeifungia Liverpool katika fainali ya Klabu Bingwa ya 2019, ni mpwa wa nahodha huyo, mtoto wa nduguye Mike Okoth.)

Lakini kikosi cha 1987 nacho kiliishi kwa pesa, ila pesa zake zilitoka mlangoni. Viwanja vilijaa. Shabiki aliyelipa kiingilio ndiye aliyekuwa mdhamini. Chanzo hicho kilipopungua katika miaka ya 1990, kutokana na usimamizi mbovu, vurugu viwanjani na runinga zilizoleta ligi ya Uingereza hadi kwenye mabaa ya mitaani, Gor iliporomoka. Baada ya taji la 1995, mashabiki walisubiri miaka 18. Vijana wenye vipaji hawakuacha kuzaliwa ziwani katika miaka hiyo 18. Walizaliwa, wakacheza, wakasajiliwa na Tusker na Ulinzi.

Kurejea kwa Gor mnamo 2013 kulifuata kurejea kwa udhamini. Mkufunzi alikuwa Mskoti Bobby Williamson, na mabao yalitoka kwa Mganda Dan Sserunkuma. Mwaka wa 2015 timu ilimaliza ligi bila kushindwa, kama ilivyofanya 1976, ikiwa na Michael Olunga aliyefunga mabao 19 na Meddie Kagere kutoka Rwanda. Olunga hakulelewa na Gor. Alikuwa amepitia Tusker na Thika United, na alikaa na K'Ogalo msimu mmoja tu kabla ya Djurgården ya Uswidi kumchukua. Kwa maneno mengine, klabu inayopendwa zaidi kwa utani wa uzawa ilirudi kileleni kwa kusajili kutoka kwingine.

Halafu ukaja msimu ambao kila upande wa ubishi huu huutaja kwa faida yake. Katikati ya 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kamari. SportPesa, iliyokuwa ikiidhamini ligi, Gor na AFC Leopards, ikajiondoa. Wachezaji wa Gor walikaa miezi bila mshahara. Wengine waliondoka. Hata hivyo waliosalia waliendelea kushinda, na janga la korona liliposimamisha ligi Machi 2020, Gor ilikuwa kileleni na ikatawazwa bingwa.

Wanaoamini moyo kuliko pesa husema hapo ndipo ubishi ulipokwisha. Lakini kikosi kile kilikuwa kimekusanywa katika miaka ya neema. Kilikuwa kikila akiba. Na deni lilipofika, lilidaiwa kwa ukali. Kagere alikuwa ameshakwenda Simba ya Dar es Salaam 2018, Francis Kahata akamfuata 2019 na beki Joash Onyango 2020. Simba ilikuwa na mwekezaji, bilionea Mohammed Dewji, na haikuhitaji kumshawishi mtu mara mbili. Desemba 2020 Gor iliwasili Algeria baada ya safari iliyojaa misukosuko na kuchapwa 6-0 na CR Belouizdad. Kisha FIFA ikaizuia kusajili wachezaji wapya kwa sababu ya malimbikizo ya waliowahi kuichezea. Mwaka wa 2021 taji likarudi kwa wanamvinyo wa Tusker, ambao mishahara yao haikuwa imesita.

Msimu mmoja na miaka kumi

Mwanauchumi Stefan Szymanski, aliyezichunguza klabu za Uingereza kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mtu akilinganisha mishahara ya timu na nafasi zake kwenye ligi kwa kipindi cha takriban miaka kumi, mishahara hueleza karibu asilimia 90 ya tofauti zilizopo. Lakini akitazama msimu mmoja tu, uhusiano huo hulegea sana. Majeraha, kocha mpya, kizazi kimoja cha vijana wanaoelewana, yote huweza kuigeuza meza kwa miezi tisa. Hayawezi kuigeuza kwa miaka kumi.

Matokeo hayo yakiletwa Nyanza yanahitaji marekebisho. Nchini Uingereza hakuna anayeuliza kama mshahara utalipwa. Huuliza tu ni kiasi gani. Katika ligi ambamo timu nzima huweza kukaa miezi minne bila malipo, tofauti kubwa si kati ya anayelipa laki moja na anayelipa laki mbili. Ni kati ya anayelipa elfu 40 kila mwisho wa mwezi na anayeahidi laki moja na kutoweka. Ndiyo sababu wanajeshi, ambao hawajulikani kwa ukarimu wa kupindukia, wametwaa mataji manne tangu 2003.

Wanaotetea vipaji vya nyumbani nao hukosea wanapodhani njia yao ni ya bure. Klabu ya ASEC Mimosas ya Abidjan ilifungua chuo chake cha soka 1994. Miaka mitano baadaye, katika mechi ya Kombe la Super barani Afrika, ilipanga vijana wa chuo hicho, akiwemo Kolo Toure, dhidi ya Esperance, na wakashinda 3-1. Inaonekana kama hadithi ya vijana dhidi ya matajiri. Lakini watoto hao walikuwa wamelala, wamekula, wamesomeshwa na kufunzwa kila siku kwa miaka mitano kwa gharama ya klabu. Kisha wengi wao wakapelekwa Beveren nchini Ubelgiji, na ASEC ikaanza upya. Kulea ni kulipa mapema kabla ya kujua kama mtoto atakuwa mchezaji.

Uwanja uliokuja timu zikiondoka

Kisumu haina chuo kama hicho. Ina shule, na miongoni mwao Kisumu Day imejulikana kwa kandanda kwa vizazi. Ina timu za mitaa, na ina mashindano ya ufukweni ambayo wavuvi huyaandaa wavu unapopumzika. Kijana hupita mikononi mwa mwalimu wa michezo, kisha mikononi mwa kocha wa mtaani anayenunua mipira kwa pesa zake. Anapofika miaka 18 hupanda basi kwenda Nairobi.

Kwa muda mfupi ilionekana mji huo ungepata klabu za kumzuia. Western Stima, iliyodhaminiwa na kampuni ya umeme, ilikuwa ikicheza mechi zake katika uwanja wa Moi. Mwaka wa 2019 Kisumu All Stars, iliyoungwa mkono na serikali ya kaunti, ilipanda ligi kuu. Mwaka mmoja baadaye All Stars ilirudi chini baada ya kushindwa na Vihiga United katika mchujo, na kampuni ya umeme ikaacha kuidhamini Stima, ambayo nayo ilishuka 2021. Juni mosi mwaka huo huo wa 2021, taifa liliadhimisha Siku ya Madaraka katika uwanja mpya wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, nje kidogo ya mji. Uwanja mkubwa kuliko wowote uliowahi kujengwa mwambaoni ulifunguliwa klabu za mji zikifungasha virago.

Matumaini mengine yamefungwa kwenye viwanda. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari, vikiwemo Chemelil, Muhoroni na SoNy, kwa makampuni ya kibinafsi kwa miaka 30. Mwekezaji anayekodisha kiwanda hutazama kwanza mitambo, miwa na madeni, si goli. Timu za viwanda zilizaliwa katika enzi ambayo kampuni ya serikali ilijihesabu kuwa mlezi wa mji mzima, na mwekezaji wa leo hakuahidi ulezi huo kwa kununua haki ya kusaga.

Ipo pesa nyingine ambayo klabu za mwambao hazihitaji kumwomba mtu. Kwa kanuni ambazo FIFA ilizianzisha 2001, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei yake hugawanywa kati ya klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Tuchukue mfano wa mchezaji anayeuzwa kwa dola milioni moja. Fungu la walezi ni dola 50,000. Kila mwaka kuanzia umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya dola 2,500, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una thamani ya dola 5,000. Klabu iliyokaa naye kuanzia miaka 12 hadi 17 hupata dola 20,000. Akiuzwa tena, hulipwa tena.

Kwa timu ya mtaa, kiasi hicho kingelipa nauli, sare na posho ya kocha kwa misimu kadhaa. Kwa SoNy ya 2019, kingezifikisha basi zake katika mechi tatu na nyingine nyingi baada ya hizo. Ni pesa zinazotokana na uzawa wenyewe, na huja bila mdhamini wa kamari wala mwanasiasa.

Lakini zina sharti. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia kituo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, na kituo hicho husoma rekodi za usajili za kielektroniki zinazotumwa na mashirikisho ya soka. Hakisikilizi mashahidi. Kocha anaweza kuwa na picha, na mtaa mzima unaweza kukumbuka bao la fainali ya shule za msingi. Mtoto aliyecheza Nyalenda tangu akiwa na miaka 12, lakini akasajiliwa kwa mara ya kwanza Nairobi akiwa na miaka 18, kwa rekodi hizo alianza soka Nairobi.